Alice Hamilton na Sumu ya Risasi

Mnamo mwaka 1902 homa ya matumbo iliwashambulia watu wa mji wa Chicago, nchini Marekani, na ikazidi ukali katika mitaa ya maskini iliyoizunguka nyumba ya Hull House. Katika nyumba hiyo, waishimo wasomi waliojitolea kuwahudumia wahamiaji, alikuwamo Daktari Alice Hamilton, mzaliwa wa mwaka 1869. Aliwakusanya nzi kutoka vyooni na majikoni, akawachunguza, akaona vijidudu vya homa hiyo. Makala aliyoyaandika yalimletea sifa kubwa.

Baadaye ikadhihirika kwamba chanzo hasa kilikuwa bomba lililopasuka, maji machafu yakaingia katika maji ya kunywa, na wakuu wa afya wa mji wakalificha jambo hilo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1943, Hamilton alikiri kuwa nzi wale walimtia haya kwa miaka mingi. Tumeanza na kosa hili kwa makusudi. Nzi huelekeza lawama kwenye choo cha maskini; bomba huielekeza kwa wenye mji. Swali la nani alaumiwe halikumwachia tena.

Mwaka 1910 aliongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini katika jimbo la Illinois, akajishughulisha hasa na risasi. (Hatusemi ile ya bunduki, bali madini laini ambayo ile ya bunduki imepewa jina lake.) Wafanyakazi wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya, wasiojua Kiingereza, ambao hawangeweza kujieleza mbele ya daktari wa kiwanda hata kama wangethubutu. Kwa hiyo hakuridhika na vitabu vya hospitali. Aliwauliza mapadri na wauza dawa, akapanda ngazi hadi vyumbani mwa wagonjwa, akawakuta wenye msokoto wa tumbo na viganja vilivyolegea vikaning'inia. Alithibitisha wagonjwa 578 wa sumu hiyo.

Wenye viwanda walikuwa na jibu tayari: watu hawa hula bila kunawa. Hamilton alionyesha kuwa sumu huingia zaidi kwa vumbi na moshi unaovutwa puani. Hoja hii yaonekana kuwa ya kitaalamu tu, lakini uzito wake ni mkubwa, kwani mikono michafu ni kosa la mfanyakazi, hali vumbi ni jukumu la mwenye kiwanda. Mwaka 1911 Illinois ilitunga sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kuwakinga wafanyakazi wao.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri, mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Aliambiwa asiingie klabu ya walimu, asidai tiketi za mpira, wala asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alistaafu mwaka 1935 na cheo kile kile alichoanza nacho! Katika suala la usawa pia alikubali kubadili mawazo: kwa miaka mingi alilipinga pendekezo la kuandika haki sawa za wanawake katika katiba, akihofia kwamba sheria za kuwalinda wanawake viwandani zingefutwa; mwaka 1952 akaacha kulipinga.

Palikuwa na vita moja aliyoshindwa. Mwaka 1925, katika mkutano wa Washington kuhusu petroli iliyotiwa risasi, aliuliza: hatari yaweza kudhibitiwa ndani ya kiwanda, lakini nchi nzima itadhibitiwaje? Petroli hiyo ikaruhusiwa, ikaenea duniani, ikafika hata katika barabara zetu tulizokuwa tukipita kwenda shule. Hamilton alifariki mwaka 1970, mwenye umri wa miaka 101. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021, na habari hiyo ikatangazwa na Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi.