Ua la Pareto na Unga Mweupe

Katika nyanda za juu za Kenya, pande za Molo, Kinangop na Kisii, huchanua ua dogo jeupe lenye kiini cha manjano, liitwalo pareto. Asiyelijua hudhani kuwa ni la mapambo tu; walakini kichwani mwake mna sumu imwangushayo nzi, mbu au chawa kwa muda mfupi sana. Asili ya mmea huu ni pwani ya Dalmatia, huko Ulaya. Baadaye Wajapani waliulima kuwapita watu wote, na hapa kwetu uliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Japani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili dhidi ya Marekani na Uingereza, mwaka wa 1941, mataifa hayo mawili yalikosa pareto ya Kijapani, yakaigeukia Kenya.

Wakati huo, mjini Basel katika nchi ya Uswisi, mkemia Paul Müller alikuwa amekwisha kupata kitu kingine. Mwaka wa 1939 alitambua kwamba unga mweupe uliotengenezwa kwanza na Othmar Zeidler mwaka wa 1874, na ambao haukuwa umepatiwa kazi yoyote, una nguvu ya ajabu ya kuua wadudu. Unga huo ndio DDT. Sumu ya pareto huharibika upesi ikipigwa na jua, lakini DDT ikipuliziwa ukutani huendelea kuua kwa miezi mingi. Tena ilikuwa rahisi. Ni nani basi angesita kuchagua?

Katika majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, mji wa Napoli katika Italia ulikumbwa na homa kali iletwayo na chawa. Watu zaidi ya milioni moja walipuliziwa unga ndani ya nguo walizovaa, na maradhi yakazimwa. Ulimwengu ukaisifu DDT. Lakini jambo moja husahauliwa sana: unga wa kwanza kutumiwa huko, homa ilipokuwa imepamba moto, ulikuwa na dawa ya pareto, DDT ilifuata nyuma. Ua lilifanya kazi, unga mpya ukapokea sifa. Mwaka wa 1948 Müller alipewa tuzo ya Nobel ya tiba. Sisemi kwamba hakuistahili, kwa maana DDT iliwaokoa watu wengi sana na malaria katika nchi nyingi.

Kosa lilikuwa pengine. Baada ya vita, dawa iliyopakwa kutani kwa kipimo ilimwagwa mashambani kutoka ndege, juu ya pamba, matunda na misitu, mwaka baada ya mwaka. Hapo ile sifa yake kuu, kudumu, ikageuka kuwa dhara. DDT haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo huingia katika shahamu ya viumbe, ikakaa humo. Vijidudu vya majini huila kidogo, samaki hula vijidudu vingi, na ndege hula samaki wengi. Kila ngazi sumu huzidi. Kozi wa Uingereza na Marekani wakataga mayai yenye maganda membamba, wakiyaatamia yakivunjika. Mwaka wa 1951 wataalamu wa Marekani waliikuta DDT katika maziwa ya akina mama, ambao hawakuwahi kuishika kwa kazi. Nao nzi walizoea: kufikia 1947 walikuwapo Ulaya nzi ambao haikuwaua tena.

Mwaka wa 1962 Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, aliyakusanya mambo haya katika kitabu chake kiitwacho Silent Spring. Wenye viwanda walimdhihaki. Yeye alikuwa mgonjwa wa saratani, akafa mwaka wa 1964. Marekani iliikataza DDT mashambani mwaka wa 1972, na Kenya mwaka wa 1986. Mapatano ya Stockholm ya 2001 yaliacha mlango mmoja tu: kupambana na wadudu waletao maradhi kama malaria.

Dawa nyingine zilishika mahali pake. Baadhi yake hazidumu sana, lakini ni ndugu wa gesi za vita, nazo humpiga kwanza yule aliyebeba bomba mgongoni: mate humtoka, mboni za macho hujikunyata, na akizidiwa, pumzi hukatika. Wangapi kati yetu hatujamwona mtu akipulizia nyanya miguu mitupu, bila glavu wala kitambaa puani?

Wako wanaodhani kilimo hai maana yake ni kurudi gizani na kuwaachia wadudu shamba. Nendeni Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Huko wataalamu wa kituo cha ICIPE walifundisha tangu miaka ya 1990 kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua, nepia humvuta nje, na mizizi ya desmodiamu hulizuia gugu la kiduha. Ng'ombe hula mimea yote miwili. Hayo si giza. Ni elimu, nayo yataka jembe na macho kuliko pesa.

Ni kweli pia kwamba kitu cha asili chaweza kudhuru. Pareto yenyewe huua samaki, na huua nyuki ikipuliziwa mchana juu ya maua. Tofauti ni kwamba kazi yake ikiisha, huondoka.

Ua letu lilipata adui wa pili nyumbani. Viwanda vya nje vilitengeneza sumu za kuliiga, na hapa nchini, mwanzoni mwa karne hii, wakulima walikaa muda mrefu bila kulipwa, wakaling'oa na kupanda viazi. Sheria ya mwaka wa 2013 ilifungua ununuzi kwa makampuni zaidi, na baadhi yao wamelipanda tena. Huchumwa kwa mkono, ua moja moja, likaanikwa, kisha likapelekwa kuuzwa.