Namba ya mchezaji: Jinsi kipimo cha sataranji kilivyogeuzwa kuwa tiketi

Kwenye tovuti ya Lichess, ambako mamilioni ya watu hucheza sataranji bila kulipa chochote, kila siku kuna mashindano ya wachezaji wasiozidi pointi 1500. Mwenye 1480 anaweza kudhani mlango uko wazi kwake. Akibonyeza kitufe cha kujiunga, huenda akakataliwa, kwa sababu siku nne zilizopita alikuwa na 1560. Tovuti haitosheki na kiwango chake cha leo. Hutazama pia kiwango cha juu kabisa alichofikia ndani ya wiki nzima. Tena humtaka awe amekwisha kucheza idadi fulani ya mechi zinazohesabiwa.

Mgeni huyaona masharti hayo kuwa usumbufu mtupu. Ukweli ni kwamba karibu kila sharti la namna hiyo lilitungwa baada ya mtu kugundua tundu na kupenya. Namba ambayo wachezaji wa sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, huibeba kila waendako ilibuniwa ili kupima uwezo. Baadaye ikafanywa tiketi ya kuingilia mashindanoni na kuchukulia zawadi, na tangu hapo watu hawajaacha kuichezea.

Profesa wa Milwaukee

Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akahamia Marekani akiwa mtoto. Alikuja kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, na ubaoni hakuwa mtu wa kubezwa: alitwaa ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane. Wakati huo Shirikisho la Sataranji la Marekani lilikuwa likitumia mfumo wa Kenneth Harkness, ulioanza mwaka 1950, na wachezaji wengi waliulalamikia kwa kutoa viwango visivyolingana na uwezo wa watu. Elo alijenga mfumo mpya juu ya msingi wa takwimu. Shirikisho hilo liliupokea mwaka 1960, na mwaka 1970 ukapokewa na FIDE, shirikisho la dunia lililoasisiwa Paris mwaka 1924.

Namba ya Elo ni ubashiri. Chukua mchezaji mwenye 1700 anayekutana na mwenye 1500. Tofauti ya pointi 200 maana yake ni kwamba, wakicheza mara nyingi, yule wa juu anatarajiwa kukusanya kama asilimia 76 ya alama zote. Kwa hiyo akishinda amefanya lililotarajiwa, na kwa kanuni ya kawaida ya FIDE ataongezewa pointi 5 hivi tu. Akishindwa atapoteza zipatazo 15, na 15 hizo zitakwenda kwa mpinzani wake. Namba hupanda na kushuka hivyo mpaka itulie mahali inapobashiri vizuri.

Jambo moja husahaulika: namba hiyo humlinganisha mtu na wale anaocheza nao tu. Haina maana nje ya kundi lake. Elo alilijua hilo vizuri. Walioipokea namba yake waliitwika mzigo mwingine. FIDE ilifunga vyeo kwenye pointi: Grandmasta lazima afike 2500, pamoja na kufanya vizuri katika mashindano maalumu. Orodha zake za mwanzo ziliishia 2200. Aliyekuwa chini ya hapo hakuwa na namba ya kimataifa hata kidogo. Na ili uipate, ilikupasa ucheze na wenye nayo. Kwa nchi zisizokuwa na wachezaji wa kiwango hicho, yakiwamo mataifa mengi ya Afrika, huo ulikuwa mlango uliofungwa kwa ndani. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya kima hicho kuteremshwa hadi 2000, na hatimaye hadi 1000.

Gerezani Virginia

Aliyeonyesha udhaifu wa namba hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia alikuwa mfungwa. Claude Bloodgood alikuwa akitumikia kifungo katika jimbo la Virginia kwa kosa la kumuua mama yake. Alihukumiwa kifo, kisha adhabu hiyo ikabadilishwa. Gerezani aliendesha klabu ya sataranji, akawafundisha wenzake mchezo, akawasajili kwenye shirikisho, na kucheza nao maelfu ya mechi zilizohesabiwa.

Kundi lilikuwa dogo na halikutoka nje. Wafungwa wapya waliingia, wakapata namba kwa kucheza na wale wale, na namba hizo zikaishia kwa mtu aliyekuwa akishinda karibu kila mechi. Kufikia mwaka 1996 Bloodgood alikuwa na pointi 2702, wa pili kwa ukubwa Marekani nzima, juu ya magrandmasta waliokuwa wakizunguka dunia kutafuta riziki. Wapo waliomshutumu kwa kupanga matokeo. Yeye alikana, na alikuwa amewahi kuwaonya wakubwa wa shirikisho kwamba kundi lililofungwa huvimbisha namba. Tangu wakati huo hakuna msimamizi makini anayeiamini namba kabla ya kuuliza imepatikana kwa kucheza na nani.

FIDE yenyewe ilikuwa imekumbana na swali hilo hilo kwa upande wa pili. Wanawake walikuwa wakicheza zaidi wao kwa wao, na ikaamuliwa kwamba namba zao ziko chini kuliko uwezo wao. Katika orodha ya Januari 1987 waliongezewa pointi 100 kila mmoja, isipokuwa Zsuzsa Polgár wa Hungaria, kwa hoja kwamba yeye alikuwa akicheza na wanaume. Aliyekuwa akiongoza orodha akajikuta amepitwa bila kusogeza kete hata moja.

Fedha zinapoingia

Penye urembo ndipo penye urimbo. Huko Marekani, mashindano kama World Open, yaliyoanza mwaka 1973, yaligawa wachezaji kwa madaraja ya pointi na kuweka zawadi nono hata kwa daraja la walio dhaifu. Papo hapo ikazuka biashara ya kujishusha: mtu mwenye uwezo wa 1900 anashindwa makusudi katika mashindano madogo hadi afike 1750, halafu anajisajili katika daraja la walio chini ya 1800 na kuondoka na maelfu ya dola.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuweka sakafu. Shirikisho la Marekani liliamua kwamba aliyekwisha kuimarika kwenye kiwango fulani hawezi kuteremka bila kikomo: huchukuliwa kilele chake, hupunguzwa 200, kisha namba hukatwa hadi mia kamili iliyo chini. Aliyewahi kufika 1941 hubaki na 1741, na sakafu yake ni 1700. Hata ashindwe mwaka mzima, hatashuka chini ya hapo. Lile sharti la Lichess la kutazama kilele cha wiki ni mjukuu wa sakafu hiyo.

Lakini sakafu humzuia mwenye rekodi tu. Asiye na rekodi je? Mwaka 1993, kwenye World Open mjini Philadelphia, alitokea mtu asiyekuwa na namba yoyote, amevaa vipokea sauti masikioni, amejiandikisha kwa jina la John von Neumann, mwanahisabati mashuhuri aliyekufa mwaka 1957. Alitoka sare na Grandmasta Helgi Ólafsson wa Iceland, na katika mechi nyingine alikaa kimya mpaka saa yake ikaisha, kana kwamba amepotewa na mwongozo. Alipofika kudai zawadi ya wasio na kiwango, msimamizi alimpa fumbo jepesi la sataranji alitatue. Alikataa, akaondoka, na zawadi akaikosa.

Hapo swali lilibadilika. Kwa miaka 30 wasimamizi walikuwa wakiuliza, “Una kiwango gani?” Sasa walilazimika kuuliza, “Wewe ni nani, na ni nani anayekuchezea?”

Seva na majina ya bandia

Kufikia wakati huo mchezo ulikuwa umeanza kuhamia kwenye kompyuta. Seva ya kwanza ya sataranji kwenye intaneti ilifunguliwa Januari 1992. Mwaka 1995 iligeuzwa kuwa biashara kwa jina la Internet Chess Club, na waliopinga kulipa wakaanzisha seva yao ya bure. Chess.com ya leo ilianza mwaka 2007, na Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis, ikafuata mwaka 2010.

Kwa mchezaji wa Kisumu au Katwe, haya yalikuwa mapinduzi. Namba ambayo zamani ilihitaji nauli na viza sasa hupatikana jioni moja. Lakini namba ya jioni moja ni ya kubahatisha, na hilo lilihitaji hesabu mpya. Mwaka 1995 mtakwimu wa Marekani, Mark Glickman, alitoa mfumo wa Glicko, ambao humpa mchezaji namba mbili: kiwango chake, na kiasi cha mashaka kuhusu kiwango hicho. Mgeni huanza na 1500 na mashaka ya 350, maana yake mfumo unakiri kwamba uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 800 na 2200. Kadiri anavyocheza, mashaka hupungua. Lichess, inayotumia toleo la pili la mfumo huo, huweka alama ya kuuliza kando ya kiwango ambacho bado hakijaaminika. Ndiyo maana waandaaji hudai idadi ya mechi kabla ya kumpokea mtu.

Hesabu, hata hivyo, haioni sura. Mwaka 2001 Grandmasta Nigel Short wa Uingereza alitangaza kwamba amekuwa akicheza kwa siri mtandaoni na mtu anayeamini ni Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia aliyekuwa amejificha. Fischer alikana. Kama Grandmasta anaweza kukosea utambulisho wa mtu aliyecheza naye mechi kadhaa, msimamizi mwenye washiriki 1,000 afanyeje?

Jibu la Chess.com lilikuwa kufunga mlango kwa vyeo. Mashindano yake ya Titled Tuesday, yaliyoanza mwaka 2014, huwapokea tu wenye vyeo vilivyothibitishwa, na pointi za tovuti pekee hazimwingizi mtu. Ligi ya PRO Chess League ilitumia kanuni nyingine: wastani wa viwango vya wachezaji wa timu usizidi 2500, ili tajiri asinunue magrandmasta wakubwa wanne akamaliza mchezo.

Mwaka 2020, janga la UVIKO lilipofunga kumbi, kila kitu kilihamia mtandaoni kwa mkupuo. FIDE iliandaa Olimpiadi ya mtandaoni yenye timu za nchi zaidi ya 160, na masharti ya nani aketi ubao upi: nafasi sita, zikigawanywa kati ya wanaume, wanawake, na vijana wa kiume na wa kike wasiozidi miaka 20. Fainali iliharibiwa na hitilafu ya intaneti iliyowakata wachezaji wawili wa India, na medali ya dhahabu ikagawanywa kati ya India na Urusi. Mwaka huo huo timu ya Armenia Eagles ilinyang'anywa ubingwa wa PRO Chess League baada ya waandaaji kusema mchezaji wake mmoja alivunja kanuni za mchezo wa haki; yeye alikana. Kamera za kumwangalia mchezaji zikawa sehemu ya masharti ya mashindano makubwa, na mwaka 2021 Ulaya ikajaribu mashindano mseto: kompyuta kwa kompyuta, lakini kila mchezaji ameketi ukumbini mbele ya mwamuzi.

Nairobi, 2023

Anayedhani haya ni matatizo ya mbali akumbuke Kenya Open ya Aprili 2023. Katika kundi la wanawake alitokea mchezaji asiyejulikana, aliyejifunika hijabu mwili mzima, miwani usoni, asiyezungumza na mtu. Hakuwa na rekodi yoyote, lakini aliwashinda wanawake wenye majina makubwa. Waamuzi walianza kushuku, na kilichowazidishia shaka ni viatu: vilikuwa vya kiume. Walipomwita faragha, alikiri kwamba ni mwanamume wa miaka 25 na kwamba shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma. Aliondolewa, na alama zake zikarudishiwa wapinzani.

Yote haya yalitokea ukumbini, mbele ya macho ya waamuzi, na bado zilihitajika raundi kadhaa. Mtandaoni hakuna viatu vya kuangalia.

Upo pia upande wa faraja. Machi 2024 FIDE ilifanya marekebisho makubwa: kima cha chini kilipandishwa kutoka 1000 hadi 1400, na wote waliokuwa chini ya 2000 wakaongezewa asilimia 40 ya tofauti iliyowatenganisha na 2000. Mwenye 1200 aliamka akiwa na 1520. FIDE ilikubali kwamba namba za chini zilikuwa zimedidimia kupita kiasi, na miongoni mwa waliofaidika ni wachezaji wa mataifa yaliyochelewa kuingia orodhani, ya kwetu yakiwamo.

Kwa hiyo, kwa klabu na waandaaji wa Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko wanaopanga mashindano ya mtandaoni yenye zawadi: msiishie kuandika “walio chini ya 1600”. Andikeni ni 1600 ya tovuti ipi, kwa sababu 1600 ya Lichess si 1600 ya FIDE. Tajeni ni ya mchezo wa dakika ngapi, itasomwa tarehe gani, na kilele cha miezi mingapi kitahesabiwa. Wekeni idadi ya chini ya mechi. Mtakeni kila mshiriki atoe jina lake halisi na awe tayari kuwasha kamera, na elezeni mapema rufaa itasikilizwa na nani. Zawadi itangazwe baada ya hayo yote kuandikwa, si kabla.