Hila na Sheria katika Besiboli

Sheria nyingi hazikuzaliwa na hekima ya waliozitunga, bali na hila ya waliozikwepa. Mchezo wa besiboli wa Marekani ni shahidi mwema wa jambo hili. Sheria zake mbili ziwatatizazo wageni, ya fauli na ya kuiba kituo, hazifahamiki vyema pasipo historia yake.

Mistari miwili huanzia pale asimamapo mpigaji. Mpira alioupiga ukiangukia kati ya mistari hiyo ni halali. Ukiangukia nje ni fauli. Nafasi anayoipoteza mpigaji huitwa straiki, na straiki ya tatu humtoa. Katika karne ya 19 fauli ya kawaida haikuhesabiwa kuwa straiki, na wapigaji werevu waliuona mlango huo u wazi. Roy Thomas wa Philadelphia alisifika kwa ustadi wa kuipeleka nje mipira aliyotupiwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtupaji achoke, akose shabaha, na kumwachia kituo cha kwanza bure. Hakuvunja sheria, maana sheria ya kumzuia haikuwapo. Mwaka 1901 ligi kuu ya National iliamuru kwamba fauli ihesabiwe straiki, isipokuwa mpigaji akiwa tayari na straiki mbili. Ligi kuu ya American ikafuata mwaka 1903.

Wizi wa kituo nao una adabu yake. Mkimbiaji aweza kutoroka kituo chake wakati mpira ukitupwa kwa mpigaji, akakimbilia kituo cha mbele. Fauli ikianguka chini, mpira umekufa, naye hana budi kurudi alikotoka. Fauli ikidakwa hewani, mpigaji ametoka, lakini mpira u hai: mkimbiaji hurudi, hugusa kituo chake baada ya mpira kudakwa, kisha aweza kukimbia tena. Mpira ukiparuza gongo tu na kwenda moja kwa moja mikononi mwa mdakaji, akaushika, ni straiki, na wizi hutimia. Tofauti hizi zina shina moja: haipati faida mtu asiyekabili hatari. Mpira uliokufa haumnasi mwizi, kwa hiyo haumtajirishi.

Hata hivyo, hila haikukoma. Mwaka 1911 Germany Schaefer wa Washington aliiba kituo cha pili, akitumaini kwamba mdakaji wa Chicago atautupa mpira huko, ili mwenzake Clyde Milan, aliyekuwa kituo cha tatu, apate kukimbilia nyumbani. Mdakaji hakuutupa. Schaefer akageuka, akakimbia kinyumenyume, akakirudia kituo cha kwanza ili ajaribu upya! Watu walicheka, wapinzani walilalamika, lakini hapakuwa na kifungu cha kumhukumu. Mwaka 1920 kifungu kikaandikwa: akimbiaye vituo kinyume kwa nia ya kuwachanganya wapinzani au kuudhihaki mchezo, atolewe.

Hapo sheria ilipiga hatua kubwa. Fauli hupimwa kwa mstari, na jicho hutosha kuihukumu. Nia haina mstari. Mwamuzi alipewa mzigo wa kuutazama moyo wa mchezaji pamoja na miguu yake. Kadiri hila inavyokua, ndivyo sheria ilazimikavyo kuacha kuhesabu matendo peke yake na kuanza kuyauliza makusudi yake.