Mikono ya Mkunga

Mama mwenye mimba ya miezi minane akifika kupimwa, mkunga humlaza chali na kumpapasa tumbo kwa viganja viwili. Wako wanaodhani ni desturi tu. Sivyo. Kazi hiyo ina historia yake, nayo ilianza katika msiba.

Zamani huko Ulaya waganga walitoka kupasua maiti, kisha wakaingiza mkono ndani ya mwili wa mzazi ili wajue mtoto amekaaje. Hivyo wakamletea homa ya uzazi. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya Vienna, mganga Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi wake wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, 2 tu. Hata hivyo wakubwa wengi walimpinga, naye akafa mwaka 1865 bila kusadikiwa.

Basi wengine wakafikiri: kama kuingiza mkono ndani kuna hatari, mbona tusipime kwa nje? Huko Ufaransa, Adolphe Pinard alitoa kitabu juu ya kupapasa tumbo mwaka 1878. Ndiye mwenye kile kibaragumu cha mti ambacho wakunga hutegea sikio wasikie moyo wa mtoto. Huko Ujerumani, Christian Gerhard Leopold, mkubwa wa hospitali ya wazazi ya Dresden tangu 1883, alipanga kazi hiyo kwa hatua nne.

Kwanza, mkunga hugusa juu ya tumbo: je, ni kichwa, kigumu na cha mviringo, ama ni matako, laini zaidi? Pili, hugusa mbavuni: upande mmoja mgongo, upande wa pili mikono na miguu. Tatu, hushika chini, juu ya kinena, ajue kiungo kinachotangulia. Nne, hugeuka kutazama miguu ya mama, apime kama kichwa kimekwisha kuingia katika nyonga.

Faida yake ni nini? Mtoto aliyelala kingamakingama hawezi kutoka kwa nguvu za mama peke yake. Uchungu ukizidi, tumbo la uzazi laweza kupasuka. Akijulikana mapema, mama hupelekwa penye mganga wa kupasua kabla ya uchungu kuanza, si usiku wa manane njiani.

Leo ziko mashine zinazoonyesha mtoto tumboni. Lakini pasipo umeme, mikono iliyonawa na kufundishwa vema yatosha kugundua hatari hiyo. Kwa hiyo mama asingoje uchungu ndipo aende kupimwa.