Mwanafunzi wa Dublin na Mipaka ya Wastani

Katika takwimu za mwanzo, sentensi inayoeleweka vibaya kupita zote ni ile isemayo kwamba wastani wa kundi zima umo kati ya kipimo hiki na kile, kwa kiwango cha asilimia 95. Kosa hilo si la hesabu bali ni la lugha, ndiyo sababu nimeona yafaa lizungumzwe mbele ya walimu wa lugha. Lakini hatuna budi kwanza kujua sentensi hiyo ilikotoka.

Mwaka 1899 kijana wa Kiingereza, William Sealy Gosset, aliyesoma kemia na hisabati huko Oxford, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kazi ilimlazimu kuamua mambo ya shayiri kwa vipimo vichache mno, maana shamba huvunwa kwa msimu na kila jaribio lina gharama yake. Mabingwa wa siku zile, akiwamo Karl Pearson wa London, ambaye Gosset alikwenda kusoma kwake mwaka 1906, walizoea sampuli kubwa. Katika sampuli kubwa, mtawanyiko wa vipimo vilivyopatikana huweza kushika nafasi ya mtawanyiko wa kundi zima bila madhara. Katika sampuli ya watu wanne hauwezi. Pengine wanne hao wamefanana kwa bahati tu, nasi tukajidanganya kwamba tumeukaribia ukweli.

Gosset alitafuta jibu kwa hesabu, lakini kabla ya kulipata alikuwa amelitafuta kwa majaribio ya mkono. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000 vilivyokwisha kuchapishwa, yaani kimo cha kila mtu na urefu wa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu. Akavichanganya sana, akavitoa kimoja kimoja, na kila vinne vilivyofuatana akavihesabu kuwa sampuli moja. Hivyo akapata sampuli 750. Kwa kuwa wastani wa wote 3,000 aliujua, aliweza kuona kila sampuli imekosea kwa kiasi gani. Naipenda sana kazi hii, maana haihitaji mtambo wowote. Darasa lolote lenye mkasi na subira laweza kuirudia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikuruhusu waajiriwa kuchapisha kwa majina yao, basi akajiita Student, yaani Mwanafunzi. Kwa jedwali tulitumialo leo, baada ya Ronald Fisher kulipa sura mpya, anayepima wanne hatazidisha kosa la wastani kwa 1.96, bali kwa 3.18. Mfano mmoja wa Gosset mwenyewe ulihusu wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili za usingizi kwa zamu. Dawa moja iliizidi nyingine kwa wastani wa saa 1.58. Kwa kanuni ya sampuli kubwa, mipaka ingekuwa saa 0.82 na 2.34, kwa jedwali lake ni 0.70 na 2.46. Upana ulioongezeka ndio bei ya kuwa na watu wachache.

Maana ya asilimia 95 iliwekwa wazi na Jerzy Neyman, mtaalamu wa Kipolandi, katika maandiko yake ya mwaka 1934 na 1937. Neno alilolichagua lilikuwa imani, na mwaka ule wa 1934 Arthur Bowley alitia shaka hadharani kama imani hiyo si hila. Shaka yake haikuwa ya bure. Wastani wa kundi zima ni kama jiwe chini ya maji: halisogei. Mipaka yetu ni kimia kinachotupwa, na kila sampuli hukiangusha mahali pengine. Tukikitupa mara nyingi, kwa kadiri ya mara 95 katika kila 100 kitalifunika jiwe. Kikishaanguka, ama kimelifunika ama kimelikosa.

Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye kwamba wastani una uwezekano wa asilimia 95 wa kuwamo kati ya 0.70 na 2.46 amelipa jiwe miguu. Aandike hivi: mipaka hii imepatikana kwa njia ambayo hufanikiwa mara 95 katika 100. Kiima cha sentensi kimebadilika, na hapo ndipo sisi tunapohitajika. Mimi neno imani silipendi, maana masikioni mwetu huingia moyoni mwa mtu, ilhali sifa inayotajwa hapa ni ya njia. Kutegemeka lingefaa zaidi.