Kitabu Kiko Wapi? Kompyuta na Maswali ya Ufahamu

Tuchukue darasa la Kiswahili huko Gashonga, wilayani Rusizi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006. Mwalimu anasoma: Uwera alichukua kitabu. Kisha akaenda Kamembe. Mugabo alibaki Gashonga. Halafu anauliza: Kitabu kiko wapi? Mwanafunzi hulijibu swali hili bila taabu, lakini limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1972 Eugene Charniak alitoa tasnifu juu ya namna kompyuta ingeweza kuelewa hadithi za watoto. Wendy Lehnert akafuata mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Yale na programu ya kujibu maswali ya hadithi. Wote wawili walilazimika kuiandikia mashine maarifa yote kwa mkono. Lisiloandikwa, haikulijua.

Njia nyingine ilikuwa kuifunza kwa mifano. Mwaka 1990 Jeffrey Elman alieleza mtandao wa nyuroni wenye mrejeo, ambao husoma neno moja baada ya jingine na kila mara hubeba alama ya yale uliyokwisha kuyasoma. Hupewa hadithi, swali na jibu. Ukikosea, uzito wa viungo vyake hurekebishwa kidogo, na zoezi hurudiwa maelfu ya mara. Hakuna anayeufundisha kitenzi ni nini. Tatizo lake ni kusahau: hadithi ikirefuka, mwanzo wake hupotea. Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walibuni mwaka 1997 mtandao wa LSTM, wenye milango ya kuamua kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe.

Hata hivyo haukutosha. Mwaka 2015 Jason Weston na wenzake wa Facebook walitoa mazoezi 20 yaitwayo bAbI, kila moja na maswali 1,000 ya kufunzia. Jibu lilipotegemea sentensi moja, LSTM ilipata nusu ya majibu. Lilipotegemea sentensi mbili, kama swali letu la kitabu, ilipata takriban moja kati ya matano. Isitoshe, hadithi hizo zilitungwa na kompyuta yenyewe kwa maneno machache. Kwa maoni yetu hazistahili hata kuitwa hadithi.

Katika Kiswahili swali lenyewe hubadilika sura. Ki- ya "kiko" inaelekeza kwenye kitabu moja kwa moja, na mtoto wa Gashonga anaijua tangu nyumbani, maana kwa Kinyarwanda husema "igitabo kiri he". Lakini a- ya "akaenda" haisemi kama ni Uwera au Mugabo, mwanamke au mwanamume. Na neno moja kama "akampa" humbeba mtoaji na mpokeaji bila kumtaja yeyote. Mashine iliyofunzwa kwa hadithi za Kiingereza haijakutana na mambo haya.

Ndiyo maana kazi ya Barack Wanjawa na wenzake nchini Kenya ina uzito. Kutokana na matini za Kencorpus, mradi wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, walitoa mwaka 2022 mkusanyiko wa KenSwQuAD: matini 1,445 za Kiswahili, kila moja na maswali yasiyopungua 5, jumla jozi 7,526 za maswali na majibu. Maswali hayo yalitungwa na watu, kama mwalimu atungavyo ufahamu. Kufikia wakati huo mitandao yenye mrejeo ilikuwa imepitwa na transfoma, iliyobuniwa mwaka 2017, lakini nayo haifunziki bila maswali.

Matini hizo ni za Kenya. Mkusanyiko wa AfriQA wa mwaka 2023 una Kinyarwanda na Kiswahili pia, ila majibu yake yalitafutwa katika Wikipedia ya Kiingereza na Kifaransa, si katika hadithi. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Rusizi inapakana na Bukavu, ambako Kiswahili kina ladha yake. Kiswahili cha mpaka huo hakimo katika matini za Kenya. Kazi ya kukiingiza inajulikana: hadithi moja, maswali matano, majibu yake, na msomaji wa pili wa kuyahakiki.