Nani Aliyetunga Swali? Kura katika Bukoba na Muleba

Wapenzi wa ushairi wa kujibizana wanajua kwamba mwenye nguvu katika malumbano si daima yule anayejibu kwa ufundi. Mara nyingi ni yule aliyetangulia kuuliza, kwa kuwa ndiye aliyechagua vina na mizani ambavyo mwenziwe atalazimika kuvifuata. Historia ya kura nayo yaweza kusomwa kwa jicho hilohilo. Kila karatasi ya kura ni swali lililotungwa na mtu fulani, mahali fulani, na mpiga kura hupewa nafasi ya alama moja tu ili alijibu. Wilaya za Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera, zimekuwa zikijibu maswali ya namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na majibu yao yanastahili kusikilizwa hata huku pwani na visiwani.

Ni vyema kwanza kuikumbuka nchi yenyewe. Buhaya ilikuwa nchi ya falme kadhaa, miongoni mwao Kiziba, Kianja na Ihangiro, na kila moja ilikuwa na Mukama wake. Katika baraza za wafalme hao waimbaji walipiga enanga, ala ya nyuzi iliyoundwa kwa mti, wakisimulia tenzi za mashujaa kwa Kihaya. Ni nchi ya migomba na kahawa, na kahawa iliwapa watu fedha, shule na mazoea ya kushindana kwa hoja. Mwaka 1924 wasomi wake waliunda chama cha Bukoba Bahaya Union. Mwaka 1937 wakulima walizipinga kwa nguvu kanuni za serikali juu ya kilimo cha kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ali Migeyo alihutubia umati Kamachumu, mahali palipo leo ndani ya Wilaya ya Muleba, akiipinga amri ya kung'oa migomba iliyoingiwa na wadudu. Polisi waliutawanya mkutano ule, na Migeyo akafungwa jela. Kwa hiyo watu wa nchi hii walikuwa na rai zao muda mrefu kabla ya kuletewa sanduku la kura. Kilichokosekana kilikuwa njia ya rai hizo kuhesabiwa.

Njia hiyo ilipofunguliwa, ilifunguliwa kwa upana wa tundu la sindano. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, na juu ya hayo awe amefika darasa la 8, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotajwa na sheria. Katika nchi ya watu wapatao milioni 9, walioandikishwa walikuwa kiasi cha 60,000. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asiyetimiza watatu, kura yake iliharibika. Hiyo ndiyo Kura Tatu ambayo TANU iliijadili kwa uchungu katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki.

Swali lile lilitungwa na watawala ili liwagawe watu kwa rangi. Jibu lilikuja kinyume cha matarajio, kwa sababu TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, na wagombea wake wakashinda. Buhaya ina sehemu yake katika kisa hicho. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden aliyewafundisha wasichana katika shule ya Kashasha, aliingia Barazani mwaka 1959 akiiwakilisha Mwanza. George Kahama, aliyekuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Bukoba, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa uwaziri mwaka huohuo. Swali lililokusudiwa kutenganisha lilijibiwa kwa namna iliyounganisha.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na hapa msomaji wa pwani ana sababu ya kutega sikio. Katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo, mtu aliweza kuandikishwa ikiwa anajua kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili. Lugha iliyokulia katika bandari za Mvita, Lamu na Unguja, lugha ya tenzi na mashairi, ikawa sasa ufunguo wa haki ya mkulima wa Kamachumu au Nshamba, ambaye mama yake alimbembeleza kwa Kihaya. Lakini ufunguo ulipopatikana, mlango mara nyingi ulikutwa hauna chumba nyuma yake. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika majimbo 58 mgombea wake hakuwa na mpinzani. Watu wengi walijiandikisha kwa lugha yao mpya, kisha wasipate karatasi ya kutia alama.

Haki ya kura kwa kila mtu mzima ilifika na uchaguzi wa urais wa Novemba 1962, ambamo Julius Nyerere alipata asilimia 98 dhidi ya Zuberi Mtemvu. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ukafutwa na sheria, na Bakama wa Buhaya wakabaki na heshima bila mamlaka. Kisha ukaja mfumo wa chama kimoja na uchaguzi wa Septemba 1965. Katika kura ya urais palikuwa na jina moja, na mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana. Katika kura ya ubunge palikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, na kwa ajili ya wasiojua kusoma kila mmoja alipewa alama: huyu jembe, yule nyumba. Kampeni zilitakiwa kuendeshwa kwa Kiswahili, na kutaja kabila, rangi au dini kulikatazwa. Hivyo mgombea wa Ihangiro alisimama mbele ya watu wa ukoo wake akawaomba kura kwa lugha ya pwani.

Isidhaniwe kwamba uchaguzi ule ulikuwa mchezo mtupu. Nchini kote mawaziri na wabunge waliozoeleka waliangushwa, hata Paul Bomani, waziri wa fedha. Ndani ya uwanja mdogo waliopewa, watu walijua kumwondoa aliyewasahau. Lakini ukubwa wa uwanja haukuwa shauri lao. Waliulizwa nani awawakilishe. Hawakuulizwa kama wanataka chama kimoja au vingi. Hata jambo kubwa kama kufutwa kwa nyarubanja, ule umilikaji wa mashamba ambamo wapangaji waliwalipa kodi mabwana waliogawiwa ardhi na Bakama, liliamuliwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1965. Wapangaji wengi walilipokea kwa furaha, ila halikupitia katika sanduku.

Mara ya kwanza ambapo swali la mfumo wenyewe lilipelekwa kwa wananchi, lilipelekwa bila kura. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kukusanya maoni. Watu wapatao 8 katika kila 10 waliosikilizwa Bara walisema chama kimoja kiendelee. Tume iliwahesabu wale wachache, ikazipima hoja zao, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Hekima ya uamuzi ule ni kubwa. Hata hivyo una fumbo ndani yake, kwa kuwa watu walipata uhuru wa kuchagua kwa njia ambayo haikufuata chaguo la wengi.

Uhuru huo Bukoba iliutumia kwa namna iliyowashangaza wengi. Katika uchaguzi wa mwaka 2000, jimbo la Bukoba Mjini lilimchagua Wilfred Lwakatare wa Chama cha Wananchi, CUF. Chama hicho kilikuwa kikielezwa na wapinzani wake kuwa ni cha Pemba na cha pwani, na viti vyake karibu vyote vilitoka Zanzibar. Watu wa mji wa kahawa, mbali na karafuu na bahari ya chumvi, wakakipa kiti. Lwakatare akawa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani katika Bunge lililomaliza muda wake mwaka 2005. Wakati ambapo Visiwani watu walikuwa wakizika maiti wa Januari 2001 na kuusubiri Muafaka wa Oktoba mwaka huo, sauti ya chama walichokipigia kura ilikuwa na mwangwi katika mwambao mwingine, ule wa Ziwa Victoria.

Mji huo haukufunga ndoa na chama chochote. Mwaka 2005 ulimchagua Khamis Kagasheki wa CCM, ukamrudisha mwaka 2010, kisha mwaka 2015 ukamwita tena Lwakatare, safari hii akiwa na Chadema. Muleba ilifuata njia yake, ikabaki na CCM lakini kwa hesabu zake yenyewe. Muleba Kusini ilimpeleka Bungeni mwaka 2010 Anna Tibaijuka, aliyetoka katika uongozi wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Desemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa katika Wizara ya Ardhi kwa sababu ya fedha zilizohusishwa na akaunti ya Escrow, fedha ambazo yeye alieleza kuwa zilikuwa mchango kwa shule ya wasichana, shule iliyopewa jina la yuleyule Barbro Johansson. Mwaka uliofuata wapiga kura wa jimbo lake walimrudisha Bungeni. Anayekubali na anayekataa uamuzi wao hawana budi kukiri jambo moja: ulikuwa wao. Na kuutoa si kazi nyepesi kwa wote, kwani Muleba ina visiwa vyake, Bumbire, Goziba na Kerebe, ambako sanduku la kura husafiri kwa maji kama lisafirivyo kwenda Tumbatu.

Limebaki swali kubwa kuliko la nani awe mbunge, nalo ni la sheria mama. Zanzibar imewahi kulionja. Tarehe 31 Julai 2010, kufuatia maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, Wazanzibari waliulizwa kama wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakakubali. Watu wa Bukoba na Muleba hawajapata kuulizwa jambo la aina hiyo. Katiba ya mwaka 1977 haikupitia kwao. Mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kukusanya maoni ya Katiba mpya. Oktoba 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, huku sehemu kubwa ya upinzani ikiwa imekwishatoka ukumbini, na kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Sheria ilitaka ndiyo ipate zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Mvuvi wa Goziba na mkulima wa Wete wangelijibu swali moja, kwa siku moja, kwa maneno yaleyale ya Kiswahili. Wiki chache kabla, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura hiyo kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Mwaka 2025 ulikwisha nayo bado haijapigwa.

Mwaka huo wa 2025 ulikuwa na karatasi yake. Aprili, Tume iliizuia Chadema kushiriki kwa sababu haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, nayo Chadema ilikuwa ikishikilia kwamba marekebisho yatangulie uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba, wapiga kura wa Bukoba Mjini walipewa karatasi isiyokuwa na chama walichokipa ushindi miaka 10 kabla. Katika miji kadhaa ya nchi siku ile iligeuka kuwa ya maandamano na vifo. Mshindi wa urais akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, tarakimu inayokaribiana na ile ya mwaka 1962.

Kutoka Kura Tatu hadi karatasi hiyo, wanaojibu wamekuwa walewale na watoto wao. Walipopewa masharti ya rangi waliyapindua, walipopewa jembe na nyumba waliwapima wagombea kwa matendo yao, walipopewa vyama vingi walibadilisha kila walipoona haja. Hakuna ushahidi katika miaka hiyo yote kwamba watu hawa hawajui kujibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi kinachosubiriwa katika Bukoba na Muleba, kama kinavyosubiriwa Unguja, Pemba na kwingineko, ni kwamba siku moja wananchi wenyewe wawe na mkono katika kulitunga swali.